Miti Iliyopita Dirishani

Mgeni akifika mtaani kwetu akasikia baba yangu anaitwa Fundi Ua, alifikiri huyo mzee anapanda maua. Wengine, wale wenye roho nyepesi, walifikiri ni jina la mtu aliyewahi kuua. Baba alikuwa akiwaacha kwanza wahangaike, halafu anawaambia, "Sipandi wala siui. Mimi nazuia."

Alichokuwa akizuia ni mamba.

Kazi yake hasa ilikuwa useremala. Milango, vitanda, meza za chakula, na majeneza pale ilipobidi. Karakana yake ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa nyumba, na sisi watoto tulikulia kwenye vumbi la mbao mpaka chai yetu ilikuwa na ladha ya msumeno. Lakini kila mwaka maji ya mto yakishapungua, alikuwa anafunga banda wiki nzima, anachukua panga, kamba na nyundo ya gogo, na kuteremka kwenda kutengeneza ua wa mtoni.

Ua wenyewe ulikuwa miti arobaini na kitu iliyochongwa ncha na kupigiliwa chini mtoni, ikajipinda kama nusu ya sahani. Ndani ya nusu sahani hiyo watu walichota maji, wakafua, wakaogesha watoto. Nje yake kulikuwa na mto, na ndani ya mto kulikuwa na wenyewe. Kati ya mti na mti haikupita zaidi ya ngumi moja. Fito zilikazwa kwa kamba za magome, na ncha mbili za ua zilipanda mpaka nchi kavu, kwa sababu mamba ana miguu pia, jambo ambalo watu husahau.

Aliyeuanza ua huo ni babu, baba yake mama. Baba alipokwenda kuposa, babu alimwambia, "Ng'ombe sitaki, wananichafulia uwanja. Nataka mkwe mwenye mgongo." Akamkabidhi nyundo. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, baba akiwa anateremka mtoni alimwambia mama, "Naenda kulipa mahari," na mama alimjibu kutoka jikoni, "Lipa polepole, bado sijashuka thamani."

Mimi ni mtoto wake wa pekee aliyebaki nyumbani. Nashona nguo. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, karibu na dirisha linaloangalia barabara, na barabara hiyo ndiyo inayokwenda mtoni. Utotoni baba alikuwa ananichukua kwenda naye. Alikuwa anasema, "Mamba hana haraka. Mwenye haraka ni wewe, ndiyo maana anakupata." Alinifundisha kutochota mahali pamoja siku mbili mfululizo. Alinifundisha kuangalia tope kabla ya kukanyaga, kama lina alama ya mkia ulioburuzwa. Na mahali ambapo ua haufiki, kuchota kwa kibuyu kilichofungwa kwenye ufito mrefu kuliko mtu, mwenyewe umesimama mbali.

Ila kubwa kuliko yote ilikuwa kusikiliza. Mti wa mtoni hauozi juu unakouona wala chini topeni. Unaoza pale pale maji yanapogusana na hewa, tena unaanzia ndani, gamba la nje likiwa zima. Kwa hiyo baba alipita mti mmoja mmoja akiugonga kwa mgongo wa panga. Mti mzima ulilia *ko*. Mti mbovu ulitoa sauti kama ya mtu anayepiga godoro, *bwef*. Ananitazama, "Umesikia?" Nami najibu, "Nimesikia, baba." Mungu anisamehe. Sikuwa nasikia chochote. Nilikuwa nawaza vitambaa.

Kiharusi kilimpata Jumatatu moja akiwa anapiga randa mlango wa watu. Nilisikia randa imeanguka, nikafikiri ameiweka vibaya. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini kwenye maranda, anatazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Hospitali walimlaza siku kumi. Alirudi upande mmoja umekufa, mdomo umevutwa, na lugha yote aliyokuwa nayo, pamoja na utani wake, imekwisha isipokuwa neno moja: kesho. Daktari alituambia hutokea hivyo, neno moja linabaki mlangoni na mengine yote yanafungiwa nyuma yake. Akili yake ilikuwa nzima. Alielewa kila kitu. Ila akitaka maji alisema kesho, akitaka kugeuzwa alisema kesho, na akikasirika kwamba humwelewi alisema kesho, kesho, kesho mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mwanzoni tulicheka naye, maana ukilia kila siku utakauka. Mama alikuwa anasema, "Mwanamume huyu miaka yote alikuwa ananiambia kitanda changu atakitengeneza kesho. Sasa kesho yenyewe imemshika." Baba alicheka kwa nusu ya mdomo.

Tukamwekea kitanda chumba cha mbele, karibu na cherehani yangu, ili aone barabara. Aliijua vizuri: kinyozi, mashine ya kusaga, duka la mafuta ya taa, kisha mteremko. Kwa muda ule bomba za mtaa zilikuwa zinatoa maji, kwa hiyo mtoni walikwenda wachache. Mafuriko ya mwaka huo yalileta magogo, yakang'oa ua upande wa juu. Hakuna aliyejishughulisha. Maji si yako bombani?

Halafu mashine ya kusukuma maji ikaharibika. Bomba zilikohoa hewa siku mbili, zikanyamaza. Siku ya tatu mtaa mzima ulikuwa unateremka na ndoo.

Mwashi wa mtaa wetu, ambaye kwa ajili ya kazi yake na mwili wake tunamwita Bwana Zege, alijitolea kuutengeneza ua. Ni mtu wa moyo mkubwa, na mdomo wake haupungui moyo. Alikuja kwanza kumwona baba. Akasimama mlangoni, akaziba mwanga wote.

"Mzee, usiwe na wasiwasi," alisema. "Mimi nimesimamisha nyumba za ghorofa. Nitashindwa na miti ya kuzuia mjusi?"

"Kesho," baba akasema.

"Kesho kutwa tumemaliza!"

Siku iliyofuata nilikuwa napindua kola ya shati nikasikia kitanda kinalia. Baba alikuwa amejiinua kwa kiwiko cha kushoto, macho nje ya dirisha. Vijana wa Bwana Zege walikuwa wanapita na miti mabegani. Miti mirefu, myeupe, iliyonyooka kama rula. Ilikuwa miti laini ya jukwaa, ile mafundi wanayosimamia wakipiga lipu. Ilipendeza kuitazama.

"Kesho!" baba alipiga kelele. "Kesho! Kesho!"

Vijana wakampungia mkono. Bwana Zege mwenyewe, ambaye alikuwa nyuma amebeba miwili, alisogea dirishani jasho likimtiririka, amefurahi kweli kweli kuitwa. "Sawa mzee! Kesho tukimaliza nakuja kukupa habari!" Akapita.

Baba akaanguka tena kitandani. Mkono wake wa kushoto ukaanza kugonga mbao ya dirisha: *ko, ko*. Kisha akapiga godoro: *bwef, bwef*. Akanitazama. Tena mbao, tena godoro.

"Unataka choo, baba?"

Akafumba macho, akafumbua. Mbao. Godoro.

Nikamletea chombo. Akakisukuma. Nikamletea maji, akakataa. Nikamwita mama, tukamgeuza ubavu, tukafikiri godoro linamuumiza. Aligonga mpaka vifundo vikachubuka. Mwisho akauacha mkono ukaanguka, akaangalia dari. Nikarudi kwenye kola yangu. Shati lilikuwa la mtu na lilitakiwa jioni.

Ua ulimalizika kama alivyoahidi. Wote tulikwenda kuuona. Upande wa chini ilibaki miti ya baba, myeusi, imejaa makovu. Upande wa juu ile mipya iling'aa kama meno ya bandia. Watu wakamshangilia Bwana Zege, na nilishangilia mimi pia.

Zikapita wiki sita, saba. Mashine ya maji ilikuwa bado. Kila tulipouliza tuliambiwa kifaa kiko njiani.

Jumanne moja nilikwenda sokoni kununua nyuzi, nikaona matikiti. Baba alikuwa bado anaweza kumeza tikiti. Mwuzaji, mama mmoja mnene mwenye pete kila kidole, aliinua moja akaligonga. Akaliweka chini. Akagonga jingine. "Sikia hili, mwanangu, linavyolia. Hili zima. Lile la kwanza nje zuri, ndani limekwisha."

Nilisimama pale na pesa mkononi. Nilisikia masikio yangu yanapata moto. Mama yule akaniuliza kama naumwa. Nikaacha tikiti, nikaacha na nyuzi, nikaenda nyumbani kuchukua panga la baba, na nikateremka mtoni.

Niligonga mti wa kwanza wa baba. *Ko.* Wa pili, *ko*. Nilikwenda hivyo, maji yakinifika magotini, wanawake wakinitazama kama mwehu, mpaka nikafika kwenye ile myeupe, ambayo sasa haikuwa myeupe tena. *Bwef.* Uliofuata, *bwef*. Kumi na nane ilikuwa mipya. Iliyolia vizuri ilikuwa mitatu. Mmoja niliusukuma kwa kiganja tu, ukaitika kwa kupasuka pale usawa wa maji, ukabaki umening'inia kwenye kamba.

Nilimkuta Bwana Zege juu ya jukwaa anapiga lipu.

"Fundi, miti imeoza."

"Miti gani?"

"Ya mtoni. Nimeigonga."

Akacheka, si kwa ubaya. "Dada, mti haujafika hata miezi miwili. Uozee wapi? Au siku hizi nguzo zinapimwa kwa futi kamba?" Vijana chini wakacheka. Aliponiona sicheki, akajifuta uso. "Haya. Nikishamaliza ukuta huu. Jumamosi. Jumamosi nitakwenda na wewe, utanionyesha."

"Jumamosi mbali."

"Nina zege bichi hapa, dada yangu. Likikauka nimekwisha."

Nikaenda kwa Dada Povu. Huyu alikuwa mfuaji, anafulia nusu ya mtaa, mashuka ya nyumba ya wageni na sare za shule, na jina alilipata kwa vile kila ulipomwona alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Hakuna mtu aliyekaa mtoni zaidi yake, na alipenda upande wa juu kwa sababu maji yake ni safi zaidi. Nilimweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, anakamua shuka.

"Nimekuelewa," alisema. "Sasa nguo za watu nikafulie kwenye mate?"

"Njoo upande wa chini, kwenye miti ya baba."

"Huko ninyi wote mmejazana na ndoo, maji ni tope. Nikirudisha shuka la rangi ya chai nitaambiwa nini?" Kisha akaona uso wangu, akalegeza. "Nitakuwa naangalia, ndugu yangu. Macho ninayo."

Jumatano nilirudi na vipande vya kitambaa kigumu, nikaifunga ile miti mibovu kwenye ile mizima, mafundo mawili mawili. Ndicho nilichokijua. Nilikuwa nafunga huku najua kwamba mamba hazuiwi kwa kitambaa, kama vile mtu anavyomfunika maiti asipate baridi.

Jioni nilimwambia baba. "Nimesikia, baba. Ile miti, nimeisikia." Alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mmoja, akakaza mpaka nikaumia. Alinitazama tu, ananisubiri niseme nimefanya nini. Nikamwambia Bwana Zege anakuja Jumamosi. Akaniachia.

Alhamisi, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa upande wa chini. Niliteka kwa kibuyu cha mpini mrefu hata ndani ya ua, watu wakinitania kwa uoga wangu. Dada Povu alikuwa upande wa juu, hatua kama kumi na tano kutoka kwangu, maji magotini, anasuuza shuka. Nilimwona akilitupa shuka mbele likatanda juu ya maji, kama afanyavyo siku zote, kisha akaanza kulivuta. Halikuja. Alicheka, akafikiri limenasa kwenye mti, akaliinamia kulinasua.

Miti haikupiga kelele. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Ililala tu, minne au mitano kwa pamoja na mafundo yangu, kama nyasi zinazokanyagwa.

Mamba akamshika mkono wa kulia. Alimvuta kuelekea nje, naye akaenda ubavu ubavu mpaka bega lake na nyonga vikagonga miti ya baba iliyobaki mpakani, pale miti ya zamani na mipya ilipokutana. Miti ile ilimzuia. Mamba anavuta upande huu, miti imekataa, na Dada Povu yuko katikati analia jina la mama yake. Wanawake wawili wakamkumbatia kiunoni. Wengine walipiga maji kwa ndoo, walitupa mawe. Mimi nilikuwa na kibuyu mkononi, nikakimbilia pale nikampiga nacho mamba kichwani kwa nguvu zangu zote. Kibuyu kilipasuka kama yai. Yule mamba hata jicho hakulipepesa. Nikaendelea kumpiga kwa ule ufito mtupu, napiga na kupiga, mpaka mtu akanishika akaniambia basi, ameshaondoka.

Aliondoka na shuka, na mkono mpaka chini kidogo ya kiwiko.

Tulimpandisha mteremko juu ya mkokoteni wa Bwana Zege, ule ule wa saruji. Bwana Zege mwenyewe ndiye aliyeusukuma, mbio, na lipu imemkauka mikononi. Barabara ya hospitali inapita dirishani kwetu. Sikugeuza kichwa, ila nilijua baba yuko pale, na mama aliniambia baadaye kwamba alijiinua kwa kiwiko chake, akatazama mkokoteni kutoka ulipotokea mpaka ulipopotea, kisha akalala akageukia ukuta.

Tangu siku hiyo hakutamka hata lile neno lake moja. Daktari alikuja akampima, akasema hakuna kilichobadilika kichwani. Mama alikuwa anamchokoza, "Baba watoto, kitanda changu lini?" Anamtazama, anasubiri. Hakuna.

Dada Povu hakufa. Baada ya miezi miwili alikuja kumwona baba, kamba ya kiatu imefunguka kwa sababu bado alikuwa hajajifunza kuifunga kwa mkono wa kushoto. Mama akapiga magoti akamfungia. Alikaa kwenye stuli karibu na kitanda, akamwambia baba, "Mzee, miti yako ndiyo iliyonishika. Isingekuwa hiyo ningekuwa chakula." Alikuja na neno hilo kama zawadi. Aliliandaa, unaona mtu ameliandaa. Lakini baba machozi yalimtoka, akautoa mkono wake mzima chini ya shuka, akaugusa ule mkono wa Dada Povu uliokatika, akagusa na ule wa kwake uliokufa, akafunga macho. Dada Povu akanigeukia. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Na mimi Dada Povu hakuniambia chochote kibaya, siku ile wala siku nyingine. Ningependa angeniambia.

Bwana Zege aliacha kazi siku tatu akaenda vilimani kutafuta mti mgumu, ule baba aliokuwa akiutumia. Alirudi amebadilika sauti. Vilima ni vyeupe, alisema, yote imekwenda kwenye mkaa. Alipata miti saba. Saba, kwa ua wa arobaini. Tuliipigilia pale ilipolala ile ya jukwaa, tukajaza matawi ya miiba sehemu nyingine, tukapunguza ukubwa wa ua ukawa wa watu sita kwa wakati mmoja. Siku ya kuipigilia Bwana Zege alitaka tumpeleke baba mtoni kwenye kiti aione. Tulimuuliza. Hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa, na mama akasema mwacheni.

Alifariki mvua zilipoanza, mchana, mimi nikiwa nashona. Cherehani ilikuwa inapiga kelele, sikujua ni dakika gani.

Watu wa ofisi ya maji walikuja mwezi uliofuata. Si na kile kifaa cha mashine. Walikuja na gari, ngazi na kibao kikubwa kilichochorwa mamba mwekundu amefungua kinywa, na maandishi: HATARI. USICHOTE MAJI HAPA. Walikisimamisha pale mteremko unapoishia, wakapiga picha, wakaondoka. Siku ya kwanza tulikizunguka kukisoma, na aliyejua kusoma alimsomea asiyejua. Siku ya pili kulikuwa na foleni ya ndoo nyuma yake, maana sita wakiwa ndani ya ua wengine lazima wasubiri, na kibao kile kina kivuli kizuri. Mtu mmoja alikuwa ameanika shati lake juu ya kichwa cha mamba. Nikaweka ndoo yangu mwisho wa mstari.